Binti Yangu Alipookoka, na Swali Nililolazimika Kuacha Kumwuliza

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka tisa alipompokea Yesu. Ilikuwa likizo ya Juni, usharika wetu hapa Bukoba ulikuwa umeandaa semina ya watoto ya siku nne, na siku ya mwisho alirudi akanikuta jikoni namenya ndizi, akasimama mlangoni viatu vikiwa mkononi, akasema, "Mama, leo nimeokoka." Nilimwuliza amefanya nini, naye akanieleza kwa maneno machache kwamba amemwambia Yesu kuwa yeye ni mwenye dhambi, amemwomba msamaha, na anaamini kwamba amesamehewa. Sikuwa na sababu ya kuyatilia shaka maneno hayo. Nilimkumbatia kwa mikono ile ile yenye utomvu wa ndizi, na usiku ule tulimshukuru Mungu pamoja na baba yake na mdogo wake.

Kosa langu lilianza kabla wiki ile haijaisha. Alipogombana na mdogo wake kwa ajili ya kalamu, nilimwuliza, "Hivi ndivyo mtoto aliyeokoka anavyofanya?" Alipochelewa kuosha vyombo, nilimwuliza swali lile lile, na aliponijibu kwa sauti ya ukali nikalirudia mbele ya wageni. Niliamini kwamba namlea katika imani, kwa kuwa swali lilimnyamazisha mara moja na kazi ikafanyika. Sikuona kwamba nilikuwa nimechukua kitu kizuri kuliko vyote alivyopewa na kukigeuza kuwa fimbo.

Mwishoni mwa Julai tulihudhuria mkutano wa injili wa siku tatu. Siku ya kwanza mhubiri alipowaita wanaotaka kumpokea Yesu waje mbele, binti yangu alitoka. Siku ya pili alitoka tena, na siku ya tatu pia. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwuliza sababu, akanijibu akiwa ameinamisha kichwa, "Nafikiri ile mara ya kwanza sikuokoka vizuri, mama. Ningekuwa nimeokoka vizuri nisingekuwa nagombana." Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu niliyatambua kuwa ni yangu. Mwalimu wake wa Shule ya Jumapili hakumfundisha hivyo, wala mhubiri hakumfundisha hivyo. Ni mimi niliyemfundisha, siku baada ya siku, kwamba kila anapokosea wokovu wake unafutika.

Nilimpelekea mama yangu mzazi jambo hilo. Yeye ni mtoto wa watu wa uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Wakristo wa Afrika Mashariki. Wazazi wake waliupokea ulipoenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika huku kwetu Buhaya, na alikulia katika ushirika ambamo watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama kwa kuitaja dhambi yenyewe, bila kuizungushia maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, ulipomkosea mtoto, umemwomba radhi?" Nilikuwa nimekwenda kutafuta mbinu za malezi, nikarudi nyumbani na toba.

Jioni hiyo nilimketisha kitandani kwake nikamwambia kwamba nimetumia jina la Yesu kumtisha, kwamba hilo ni dhambi, na kwamba naomba anisamehe. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima naye hutubu. Halafu tulisoma pamoja 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Nilimweleza kwamba Yohana aliwaandikia watu waliokwisha kuamini, kwa hiyo aliyeamini akianguka haanzi upya kuwa mtoto wa Mungu, bali anarudi kwa Baba yake akiwa mtoto wake. Nilimwuliza, "Ukivunja kikombe hapa nyumbani, unaacha kuwa binti yangu?" Akasema hapana. "Lakini utaniambia kwamba umekivunja?" Akasema ndiyo. Tuliishia hapo.

Tangu siku hiyo sikumwuliza tena swali lile. Haikuwa rahisi, kwa kuwa lilikuwa limeshazoea kuja ulimini lenyewe. Alipokosea aliadhibiwa kama watoto wote wanavyoadhibiwa, ila adhabu ilitaja kosa tu, na wokovu wake haukuguswa.

Mwezi Agosti tulianza kusoma Injili ya Marko. Niliichagua kwa kuwa ni fupi, ina sura 16 tu, na Yesu yumo katika mwendo tangu mwanzo, jambo linalomfaa mtoto asiyependa kukaa. Tulisoma aya chache baada ya chakula cha jioni, tukamaliza mwezi Januari. Mwanzoni nilitumia Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo tunayoisikia kanisani, lakini nikaona maneno kama "udhalimu" na "kughoshi" yanamchosha. Basi tulisomea Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, na aya za kukariri tukazichukua katika Union, ili azitambue zinaposomwa ibadani.

Maswali yake hayakuwa yale niliyojiandaa kuyajibu. Tulipofika sura ya tano, pale pepo walipowaingia nguruwe wapatao elfu mbili wakazama ziwani, hakushughulika hata kidogo na pepo. Alitaka kujua nguruwe walikuwa wa nani na kama mwenyewe alilipwa. Nilimwambia kweli kwamba Biblia haisemi, na mimi sijui. Hapo awali ningebuni jibu ili nionekane najua, lakini niliamua kwamba imani yake isisimame juu ya ujuzi wangu, maana ujuzi huo ungekwisha kabla hajamaliza shule ya msingi. Katika sura ya tisa alikutana na yule baba aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Akaniuliza kama Yesu alimkasirikia. Nikamwambia asome mwenyewe aone kilichofuata. Alisoma, akaona kwamba Yesu alimponya mtoto wa mtu yule, na tangu siku hiyo maneno hayo yakaingia katika sala zake.

Kuhusu sala nitasema machache. Alikuwa akiomba kama watu wa vipaza sauti, kwa kelele na maneno makubwa yasiyokuwa yake. Nilimwomba aseme na Mungu kama anavyosema na baba yake anapotaka kitu au anapoogopa. Sala zake zikawa fupi, na zikawa zake.

Msimu wa senene mwezi Novemba ulileta jambo ambalo bado nalikumbuka kwa shukrani. Nilimtuma dukani, mwenye duka akazidisha chenji kwa shilingi 1,000, naye akainyamazia, akanunua senene wa kukaanga akala na rafiki zake. Baada ya siku tano alinijia mwenyewe na kuniambia. Hakuna aliyemkamata wala aliyemwuliza. Alikuwa amekwisha kupasua kibubu chake, kilichokuwa na shilingi 2,600, na alikuwa na huzuni kwa sababu hazikutosha: mwalimu aliwafundisha habari za Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne, kwa hiyo alihesabu kwamba anadaiwa 4,000. Tulifungua Luka 19 tukaisoma taratibu. Nilimwonyesha kwamba Zakayo alipotoa ahadi ile, Yesu alikuwa ameshamwita kwa jina na kuingia nyumbani kwake; hakulipa ili Yesu amkubali. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nitarudisha yake, na nitamwomba radhi."

Nilimsindikiza lakini nilisimama nje ya duka, kwa kuwa toba ilikuwa yake. Mwenye duka ni mzee Mwislamu tunayeheshimiana naye miaka mingi. Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo, babu," akaeleza yote bila kujitetea, akasukuma sarafu zote mbele yake. Mzee alihesabu 1,000, akamrudishia zilizobaki, akamwambia kwamba amana ni jambo kubwa na kwamba amefanya vizuri. Binti yangu alitoka dukani akikimbia.

Sasa ana miaka 13 na yuko mwaka wa kwanza wa mafundisho ya kipaimara. Rafiki mmoja amemwambia kwamba ubatizo wake wa utotoni haufai, na swali hilo tunalipeleka kwa mchungaji wetu pamoja, bila haraka. Wapo majirani wanaoniambia kwamba mtoto akiachwa bila kutishwa atalegea. Siwezi kukubaliana nao. Nimemwona mtoto aliyetishwa akienda mbele mara tatu kwa siku tatu, na nimemwona huyo huyo akipasua kibubu chake bila kuambiwa na mtu.

Wiki iliyopita alirudi shuleni akiwa mzito. Tulipokuwa tukichambua mboga alisema, "Leo nimemsema vibaya mwenzangu mbele ya darasa. Nimeshatubu kwa Mungu, lakini yeye sijamwomba radhi." Nilimwuliza atamwomba lini. Akasema kesho asubuhi, kabla ya mstari. Niliendelea kuchambua mboga, naye akasogeza kigoda karibu.