Ploti zetu ziko Nakuru, simu ikasema ziko Bogoria

Siku ya kwanza kazini simu yangu ilisema ploti zetu zote 12, vipande vya ardhi ambavyo chuo chetu huhesabia mimea kila msimu, ziko karibu na Ziwa Bogoria. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, buti zimelowa umande, na Afande aliyepewa kutulinda ananitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea wanafunzi.

"Kijana, hiyo simu imelewa?"

Simu haikuwa na kosa. Kundi la msimu uliotangulia liliandika latitudo na longitudo kwenye daftari hivi: 0.42 na 36.09, basi, bila herufi ya kusini wala alama ya kutoa. Nakuru iko kusini ya ikweta, lakini simu usipoiambia chochote inaamini uko kaskazini. Kwa alama moja iliyosahauliwa, ploti zilihama zaidi ya kilomita 90 na kuvuka ikweta. Nilipoongeza alama ya kutoa zilirudi mbugani, ingawa mbili zikaonekana katikati ya ziwa. Nikadhani ni kosa jingine la daftari. Kumbe kweli zilikuwa ziwani.

Kazi yenyewe, ukiisimulia haraka, ni rahisi. Kila msimu wanafunzi wa chuo chetu wanarudi kwenye ploti zilezile, wanahesabu mimea na kupima miti, kisha wanakwenda kwenye mito kupima maji. Mara moja kabla ya mvua ya masika, mara ya pili mvua ikiwa imeshika. Vibali alishughulikia mhadhiri, pesa za chakula zilichelewa kama kawaida yake, na hayo sina haja ya kuyarudia. Kilichonipa kazi ni neno "zilezile". Utarudije mahali palepale katika mbuga ya kilomita za mraba 188, ambapo nyasi zinakufika kifuani na nyati hapendi kushtuliwa?

Kwenye kila kona ya ploti kulikuwa na kigingi cha chuma kilichopigwa hadi kikabaki urefu wa kidole juu ya ardhi. GPS ya simu inakufikisha karibu tu. Yetu yenyewe ilikiri kwamba inaweza kukosea kwa mita 5, na chini ya miti zaidi ya hapo. Asubuhi nzima ya kwanza tulizurura tukipapasa nyasi kama watu waliopoteza funguo, hatukupata hata kigingi kimoja. Mchana mwenzangu akaja na wazo la kamba. Mmoja anasimama pale GPS inaposema, anashika ncha ya kamba. Mwingine anaikaza kwa mita 2, anazunguka duara zima akiburuta buti chini, kisha mita 4, kisha 6. Afande anakaa juu ya gari na bunduki, anaangalia vichaka vya leleshwa. Duara la tatu, buti likagonga chuma: ting! Sijawahi kufurahia kigingi namna ile.

Kwa kamba tulipata vigingi vya ploti 7. Mbili nyingine zilipatikana kwa kumbukumbu ya Afande. Alisema wale wa mwaka jana walipenda kula chini ya mgunga uliogawanyika kama manati, na kweli, hatua chache kutoka pale tukaona kigingi, na karibu yake kifuniko cha soda. Tangu siku hiyo nikawa namwuliza yeye kwanza kabla ya kuuliza simu.

Mbili zilikuwa majini. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu miaka ya 2010, hata lango kuu la zamani likafunikwa na maji, na ukifika ufukweni unaona migunga ya njano imekufa wima, myeupe, mamia kwa mamia, mnandi wametua juu yake. Ploti zetu zilikuwa katika msitu huo. Moja niliweza hata kuiona: miti yake ilisimama ndani ya maji umbali wa kurusha jiwe. Niliandika "imefunikwa na maji", tarehe, na umbali kutoka ukingoni. Mwenzangu alitaka tuiache wazi kwenye jedwali, tukabishana kidogo. Mimi nilishikilia kwamba nafasi tupu haimwambii mtu kama ploti ilizama au sisi tulikuwa tumelala.

Ya 12 hatukuipata kabisa. Tulifungua mpya jirani na pale tukaipa namba 13. Kulikuwa na kishawishi cha kuiita 12 tu, nani angejua?

Halafu miti. Kwenye ploti ya 4 kulikuwa na mgunga ulioandikwa mzingo wa sentimita 142. Mimi nikapata 138. Mti mzima, wenye afya, umesinyaa sentimita 4 katika mwaka mmoja! Nikapima tena, 138. Shina la mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, watu husema usawa wa kifua, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu vifua vyetu havilingani. Nadhani aliyetangulia alikuwa mfupi kuniliko, akapima chini zaidi, na huko shina ni nene. Tulikata fimbo ya mita 1.3 kamili, tukawa tunaisimamisha kwenye kila mti kabla ya kufunga utepe. Fimbo hiyo ndiyo chombo kilichotufaa kuliko vyote na haikugharimu kitu.

Mito ilinipendeza zaidi. Njoro unatoka Mau Mashariki, unapita mashamba na vitongoji vya mji kabla ya kuingia mbugani. Mwezi wa pili kituo chetu kilikuwa mchanga na vidimbwi viwili vyenye nyayo za nyati. Tuliandika mtiririko: sifuri. Mwezi wa nne palepale maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Kupima mtiririko tulitumia chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi, na rangi yake huipotezi. Unapima mita 10 za mto ulionyooka, mmoja analiachia juu, mwingine anasubiri chini na saa. Letu lilitumia sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Unazidisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unapata 0.34. Mto ulikuwa na upana wa mita 3 na kina cha wastani cha mita 0.2. Zidisha vyote: karibu lita 204 kila sekunde.

Unarudia mara tatu. Sisi tulirudia mara mbili, kwa sababu nyani dume alishuka ukingoni taratibu, bila haraka yoyote, akaokota mfuko wenye machungwa yaliyobaki pamoja na lile lililokuwa limetoka majini, akapanda nao mtini akaanza kumenya. Afande alicheka hadi akaketi.

"Niliwaambia matunda msilete."

Alikuwa ametuambia kweli. Kuanzia hapo tulitumia chupa ndogo ya plastiki tukiijaza maji kiasi cha kuzama karibu yote, na kando ya kila kipimo nikaandika "chupa", asije mtu akalinganisha chupa na chungwa bila kujua.

Kisha, kutafuta wadudu wa mtoni, unakoroga mawe kwa mguu huku wavu umetegwa upande maji yanakoelekea, unamwaga ulichopata kwenye beseni jeupe. Juu, upande wa Mto Makalia, tulipata wadudu wachanga wenye mikia mitatu, wale wasiostahimili uchafu. Kwenye kituo cha Njoro, ruba na vibuu vyekundu tele, ambavyo huishi hata oksijeni ikiwa haba. Kipimo cha maabara kinakueleza maji ya dakika ile tu. Wadudu wamekaa pale kwa wiki nyingi, kwa hiyo mimi huwaamini zaidi.

Nilipomaliza niliandika upya daftari lote: alama ya kutoa kwenye kila latitudo, picha nne za kila ploti, na maelezo ya alama zilizo jirani. Nililionea fahari. Msimu uliofuata msichana aliyerithi kazi akanipigia simu saa tatu asubuhi.

"Kaka, ploti ya 6 umeandika 'kusini ya jiwe jeupe'. Hapa hakuna jiwe jeupe."

Nikafikiri kidogo, nikakumbuka ndege waliokuwa wakitua juu ya lile jiwe, na mvua iliyonyesha tangu siku hiyo.

"Tafuta jiwe la kijivu," nikamwambia. "Na mwulize Afande."