Jasho na Dhahabu

Mwaka 2018 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Tokyo, kwa ufadhili wa serikali ya Japani, kwenye maabara iliyoshughulika na elektrodi zinazovutika: vile vipande vyembamba vinavyobandikwa kwenye ngozi vikasoma umeme wa moyo na wa misuli huku mtu akiendelea na shughuli zake. Fani yenyewe ilikuwa inakimbia. Mwaka 2003, kwenye Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mtafiti Stéphanie Lacour na wenzake walitandaza utando mwembamba wa dhahabu juu ya mpira wa silikoni wakauvuta. Dhahabu ya namna hiyo ilitakiwa ikatike mapema sana, lakini umeme uliendelea kupita hata mpira ulipovutika karibu asilimia 22. Baadaye ilieleweka kwamba dhahabu hupasuka vijiufa vidogo ambavyo haviungani, na umeme hujipenyeza katikati yake. Tangu hapo kila maabara ilitaka kuvuta zaidi: asilimia 50, 100, 500. Sisi tulikuwa na mashine ambayo kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuvuta na kuachia, na mlio wake ulinifuata hadi bwenini.

Mimi nilikuwa na shaka zangu, nilizokuja nazo kutoka nyumbani.

Mamangu moyo wake huruka mapigo. Hospitali moja ya Mombasa ilimvisha Holter, kile kisanduku cha kurekodi umeme wa moyo (ECG) kwa saa 24, akaambiwa aende nyumbani aendelee na kazi zake. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi, na mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika, hivyo feni ilikuwa pambo tu. Elektrodi alizobandikwa ni zile za kawaida: kitufe cha fedha na kloridi ya fedha, geli yenye chumvi katikati, gundi pembeni. Kufikia alasiri baadhi zilikuwa zimeteleza. Mama, kwa ustaarabu wake, alizirudisha mahali pake na kuzikandamiza kwa kanga. Daktari alipofungua rekodi alikuta mikwaruzo mitupu. Kipimo kikarudiwa na pesa zikalipwa tena. Ngozi ya mtu kwa kawaida haivutiki kupita asilimia 30 hivi. Hakuna aliyemvuta mamangu asilimia 500. Alitoka jasho tu.

Kisa hiki nilikisimulia kwenye mkutano wa maabara, nikiwa nimechoka kuangalia grafu za kuvuta. Sensei wetu, yaani mwalimu aliyeongoza maabara, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniacha nimalize, akaandika kitu kwenye daftari lake, kisha akasema: "Basi nenda ukatoke jasho."

Ndivyo nilivyojikuta nikiandaa mikono yangu miwili. Wa kushoto ungevaa elektrodi zetu za silikoni zenye utando wa dhahabu, fahari ya maabara. Wa kulia ungevaa wavu wa dhahabu wenye matundu, kwa njia ambayo kundi la Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilikuwa limeitangaza mwaka uliotangulia. Wao walikuwa wamewabandika watu 20 kwa wiki nzima bila ngozi kuvimba. Sisi tulirudia hatua zao tukitumia vifaa vyetu.

Utengenezaji wake ulinipendeza kuliko kitu chochote nilichokifanya Japani. Unachukua polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka kwenye maji, unaiweka kwenye bomba la sindano na kuipitishia volti nyingi mno. Inatoka nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa jicho moja moja, zikatua juu ya bamba kama ukungu. Ukungu huo unauingiza kwenye chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, dhahabu inachemshwa ndani yake na mvuke wake unazivika zile nyuzi. Kisha unaweka kipande juu ya ngozi na kukipulizia maji. Plastiki inayeyuka, dhahabu inabaki imelala juu ya mistari ya ngozi. Nilipoiangalia kwenye mkono wangu mweusi nilikumbuka piko ya bibi harusi, ila hii ilimeta. Mwenzangu wa maabara, Mjapani mweupe pe, alikiri kwamba kwake haikupendeza hivyo.

Siku tuliyotoka ilikuwa Jumatatu, 23 Julai. Siku hiyo Kumagaya, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa Tokyo, ulifika nyuzi 41.1, rekodi ya nchi nzima wakati huo. Televisheni ilikuwa ikiwasihi watu wasitoke nje. Mwenzangu ni mtu wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye theluji. Alibeba chupa za maji na mwavuli wa jua na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. Mimi, Mswahili wa pwani, nilijigamba kwamba joto hilo nimezaliwa nalo. Nusu saa baadaye sikuwa na la kusema. Joto la Mombasa lina upepo wa bahari. Lile la Tokyo linatoka juu, linatoka kwenye lami, linatoka kwenye migongo ya viyoyozi vya watu.

Kikuza mawimbi kilikuwa ndani ya mkoba na kompyuta mpakato. Kila baada ya muda tulisimama kivulini, nikakunja ngumi ya kushoto, kisha ya kulia, tukatazama umeme wa misuli ukiruka kwenye kioo. Mwanzoni mikono yote miwili ilisoma vizuri. Kisha wa kushoto ukaanza kuropoka. Jasho lilikuwa limekosa pa kutokea, likajikusanya chini ya silikoni mpaka elektrodi ikaelea kama lengelenge. Kila nikitikisa mkono mstari uliruka hata kama misuli imetulia. Silikoni yenyewe haikuwa na kosa. Tuliporudi tuliitia kwenye mashine, ikavutwa mara mbili ya urefu wake, ikapitisha umeme bila wasiwasi. Kwa vipimo tulivyokuwa tukivichapisha, ilikuwa imefaulu.

Mkono wa kulia jasho lilipita kwenye matundu na kukauka, na mstari ukabaki safi. Nilianza kupanga kichwani jinsi nitakavyomweleza mama. Kwenye ngazi za stesheni mkanda wa mkoba ukagusa mkono kidogo tu, na mstari wote ukalala. Nilidhani dhahabu imekwanguka. Chini ya darubini ilionekana nzima, imelala vilevile kwenye ngozi. Palipoachana ni pale ilipounganishwa na waya, waya ambao kwa macho ni kama unywele lakini mbele ya ile dhahabu ni gogo.

Sensei alikitazama kiungo kile kwa muda mrefu, akaniambia niachane na dhahabu, masomo yangu yaliyobaki yote niyatumie hapo. Nilibisha. Nani atasoma tasnifu ya gundi? Alicheka, jambo la nadra. Na kweli tasnifu yangu ikawa ya gundi: jinsi ya kutoka kwenye kitu laini kwenda kwenye kitu kigumu polepole, tabaka kwa tabaka, ili mvutano usijikusanye mahali pamoja. Haijasomwa na wengi. Lakini mpaka leo nikishika makala ya elektrodi mpya natafuta kwanza picha ya mahali waya ulipofungwa. Kama waandishi wameikata nje ya fremu, naifunga makala.

Usiku ule nilimpigia mama, nikamweleza yote: joto, mwavuli wa mwenzangu, ngazi za stesheni. Alisikiliza vizuri, ila kuna jambo moja lilimkaa.

"Hiyo dhahabu ulimrudishia mwalimu?"

Nikamwambia haikuwa ya kurudishwa. Ya mkono mzima haikufika hata miligramu mbili, niliisugua kwa sabuni ikaenda na maji ya sinki.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu," akasema, "na hao watu wanakulipia na nyumba?"