Jumapili ya Wafu mjini Leipzig

Kila nilipompigia mama simu, kabla hajauliza kama nimekula, aliuliza kama nimepata kanisa. Nilikuwa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, tangu mwanzoni mwa Oktoba 2013, nikisoma kozi ya biashara ndogondogo ambayo bahati nzuri ilifundishwa kwa Kiingereza. Kijerumani changu kiliishia kwenye salamu, kuhesabu na kusoma bei dukani. Ibada za Kiingereza mjini zilikuwepo, ila mama hakutaka kusikia habari za madhehebu asiyoyajua. "Wewe Mlutheri, uko kwenye mji waliotoka wamisionari wetu, halafu unaniambia umekosa kanisa? Hebu niondolee."

Hoja alikuwa nayo. Sisi kwetu ni Machame, na wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walianzia hapo kwetu, Nkwarungo. Babu yangu alizisimulia habari hizo kama mtu aliyekuwepo, ingawa alizaliwa miaka mingi baadaye. Wale wamisionari wawili waliouawa Akeri, Meru, mwaka 1896 alikuwa akiwataja kwa majina, Ovir na Segebrock, kwa matamshi ya Kimachame kabisa, ungedhani ni majirani wa upande wa pili wa mfereji.

Babu huyo alifariki katikati ya Oktoba hiyohiyo, mimi sijamaliza hata kufungua akaunti ya benki. Nauli ya kwenda na kurudi haikuwepo, na wazee wakasema nikae nisome. Mazishi niliyasikiliza kwenye simu. Mdogo wangu aliinyanyua juu ya vichwa vya watu ili nisikie, nikawa nasikia zaidi upepo kwenye migomba kuliko mchungaji, mpaka muda wa maongezi ukaisha kabla kaburi halijafukiwa. Kesho yake asubuhi nilikuwa na kipindi cha uhasibu. Nikaenda.

Basi Jumapili moja ya Novemba nikaamua kwenda kanisani, na sitadanganya kwamba ni kwa ajili ya msiba. Nilichoka kumwongopea mama.

Makanisa maarufu ya katikati ya mji niliyaacha. Thomaskirche, ambako Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, alifanya kazi kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na ambako amezikwa, nilikuwa nimelichungulia siku moja nikakuta watu wengi wamekuja na kamera. Nikolaikirche nalo ni la historia: maombi ya amani ya kila Jumatatu pale ndiyo yaliyozaa maandamano makubwa ya Oktoba 1989, mwezi mmoja kabla ya ukuta wa Berlin kuanguka. Mimi nilitaka kanisa la kawaida, la watu wa mtaa. Nikachagua lililokuwa karibu na hosteli, la matofali mekundu, ambalo kengele yake ilikuwa ikiniamsha bila kuniomba ruhusa.

Mlangoni mzee mmoja alinipa kitabu cha nyimbo na karatasi iliyokunjwa. Hakuniuliza natoka wapi, na hakuna aliyeuliza. Hilo lilinishangaza kuliko baridi ya ndani, maana kwetu mgeni hakai dakika tano hajajulikana. Nilikuwa hata nimepanga moyoni maneno ya kusema kwenye matangazo, pale katibu wa usharika anapowataka wageni wasimame: jina langu, usharika wangu, Bwana Yesu asifiwe. Matangazo yalisomwa, hakuna aliyesimamishwa. Watu hawakufika hata mia, wengi wao wenye mvi, wamekaa mbalimbali, kila mtu na benchi lake. Hiyo ni sehemu ya Ujerumani iliyoishi miaka arobaini chini ya serikali ya kikomunisti, na makanisa yake yamebaki na nafasi nyingi za kukaa. Nilikaa nyuma ya bibi mmoja mwenye kofia ya sufi ya rangi ya zambarau. Nikajiambia kwamba huyo ndiye atakuwa kitabu changu: akisimama nasimama, akikaa nakaa.

Sikumhitaji sana. Kinanda kilipoanza na mchungaji, mama wa makamo mwenye joho jeusi na vitambaa viwili vyeupe shingoni, akaingia, nilitambua tulipo. Liturgia ni ileile. Sikuelewa hata sentensi moja, lakini nilijua hapa tunaomba rehema, hapa ni sala, hapa linasomwa somo la kwanza, hapa tunasimama kwa ajili ya Injili. Kwenye karatasi somo la Injili lilikuwa limeandikwa kwa namba, Matthäus 25, 1–13, nikaifungua Biblia ya Kiswahili kwenye simu: wanawali kumi, watano wenye busara na watano wapumbavu. Mchungaji akawa anasoma kwa Kijerumani, mimi nasoma kwa Kiswahili, tukamaliza karibu pamoja. Imani ya Mitume niliitambua tulipofika kwa Pontio Pilato. Jina la yule bwana halibadiliki popote. Tangu hapo nikawa naisema na wao, wao kwa lugha yao na mimi kwa yangu, na tulipoachana kidogo tulikutana tena kwenye Amina.

Mahubiri siwezi kuyaeleza. Yalichukua kama dakika kumi na tano, jambo ambalo kwetu lingeitishiwa kikao cha wazee wa kanisa.

Kisha ubao wa namba ukaelekeza wimbo wa 147. Kwa maneno ulikuwa ukuta, lakini kinanda kilipocheza mstari wa kwanza nikaujua. Ni sauti tunayoiimba kwetu, ile inayopanda ngazi tatu mwanzoni kisha inasimama juu. Babu aliipenda na aliipiga vibaya sana, besi inayochelewa nyuma ya kanisa zima. Wao wanaiimba taratibu mno, sisi tungekuwa tumeshafika ubeti wa tatu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba imetungwa na mchungaji Philipp Nicolai na kuchapishwa mwaka 1599, baada ya tauni kupita kwenye mji wake wa Unna na yeye kuzika watu siku baada ya siku. Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba naimba kwa Kiswahili katikati ya Wajerumani na hakuna aliyegeuka.

Baada ya wimbo ndipo mambo yakatoka nje ya ninayoyajua. Mzee wa kanisa alisogea mbele na karatasi, akaanza kusoma majina. Jina la kwanza, jina la ukoo, halafu namba. Kuhesabu nilikuwa nimeshajifunza: themanini na mbili, tisini na moja, sabini na nne. Kila jina likisomwa, kijana mmoja wa kipaimara anawasha mshumaa kutoka kwenye mshumaa mkubwa wa Pasaka na kuuchomeka kwenye sinia lililojazwa mchanga. Kati ya jina na jina wanasubiri. Hawaharakishi kabisa. Lilipofika jina la tano au la sita, bibi wa kofia ya zambarau alishusha kichwa, nikaelewa ni nini kinachosomwa. Likafuata jina moja lililokuwa na namba tisa. Tisa tupu. Mbele kabisa mwanamume mmoja alikuwa ameegemea benchi kwa mikono miwili.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, tarehe 24 Novemba, ambayo Wajerumani huita Totensonntag, siku ya kuwakumbuka wafu. Mfalme wa Prussia aliiweka mwaka 1816, na mpaka leo usharika husoma siku hiyo majina ya waliozikwa ndani ya mwaka. Wengi huenda makaburini mchana kufunika makaburi kwa matawi ya misonobari. Ndiyo sababu pia vibanda vya soko la Krismasi nilivyoviona mjini vilikuwa vimeshajengwa na kufungwa kimya: vingi husubiri Jumapili hiyo ipite. Mimi nilidhani wamekosa umeme.

Orodha ilipoisha mchungaji alisema maneno mawili matatu, na watu wakaanza kwenda mbele mmoja mmoja kuwasha mishumaa midogo. Nilibaki nimekaa. Si usharika wangu, si maiti wa mtaa huu. Bibi wa mbele yangu alirudi kutoka kuwasha wake, akasimama pembeni ya benchi langu, akanitazama usoni kwa muda. Sijui aliona nini. Alinigusa kiwiko na kunionyesha sinia kwa kidevu, kama bibi yeyote wa Machame anavyokutuma jikoni.

Nikaenda. Niliwasha mshumaa, ukazimika, nikauwasha tena. Waliotangulia walikuwa wakinong'ona jina la mtu wao. Mimi nikalitaja la babu lote, la ubatizo, la kwao na la ukoo, na kwa kuwa nimekulia mahali ambapo tangazo la msiba husomwa watu wa barabarani wasikie, likatoka kwa sauti ya tangazo la msiba. Kanisa lenye dari ndefu halifichi kitu. Nililisikia likienda mpaka kwenye kinanda na kurudi. Mchungaji aliitikia kwa kichwa kana kwamba jina hilo lilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Niliporudi kwenye benchi nililia, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nililia kama mtu aliyefiwa. Mpaka hapo nilikuwa nalia kama mtu aliyekosa nauli.

Tukasimama kwa Baba Yetu. Wakati tunaisali kengele ya nje inagongwa, mtaa mzima ujue. Utaratibu huo nauonea wivu.

Sadaka ilikuwa mfuko unaopitishwa benchi hadi benchi, mara moja, basi. Hakuna bahasha, hakuna foleni ya kwenda mbele kwaya ikiimba, hakuna sadaka ya pili wala ya jengo. Na hakuna mnada! Tulipotoka nilijikuta naangalia uwanjani, nikitafuta kuku waliofungwa miguu, mikungu ya ndizi, mayai kwenye kapu. Kwetu asiye na fedha huleta alicho nacho shambani, na baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Kwa miaka mingi dalali wa mnada huo alikuwa babu. Kwenye kuimba alikuwa wa mwisho, lakini kwenye kunadi hakuwa na mpinzani: angekutaja jina mbele ya wakwe zako mpaka uongeze bei.

Yule bibi hakuniachia niondoke. Alinishika mkono mpaka chumba cha pembeni ambako kulikuwa na kahawa na keki ya tufaha. Kiingereza hakujua, shuleni walifundishwa Kirusi, hivyo akamwita yule kijana wa mishumaa aje atafsiri. Kijana alikuwa na miaka kama kumi na minne na Kiingereza cha darasani, akawa anakunja uso kila sentensi. Nilipotaja Kilimanjaro wazee wawili walisogeza viti. Nilipotaja Nkwarungo na 1893, mchungaji naye akaja na kikombe chake, na yeye ndiye aliyenieleza habari za mfalme na siku yenyewe.

Bibi alitoa pochi akanionyesha picha ya mumewe, kijana mwembamba juu ya pikipiki, nywele zimepeperuka. Lilikuwa lile jina la tano au la sita. Mimi nikatoa simu. Picha nzuri ya babu niliyokuwa nayo ni ya mnadani: amevaa koti la suti, jogoo mwekundu kamnyanyua juu kwa mkono mmoja, mdomo wazi. Bibi akacheka, kisha akauliza, na kijana akatafsiri: kwa nini babu yangu anampigia kelele kuku nje ya kanisa?

Kuelezea mnada wa kanisani kwa Wajerumani kupitia mtoto wa miaka kumi na minne si kazi ndogo. Nilieleza kwamba jogoo ni sadaka ya mtu, kwamba anauzwa, kwamba fedha inaingia kanisani. Wakauliza aliuzwa bei gani. Elfu arobaini na tano, nikasema. Kijana akapiga hesabu kwenye simu, akapata euro ishirini na kidogo, na mezani wakaanza kubishana kama hiyo ni bei ya kuku. Nikawaambia subirini, haikuishia hapo. Aliyemnunua alimrudisha kuwa sadaka, babu akamnadi upya. Aliyefuata naye akamrudisha.

Kijana alisahau kutafsiri. Aliniuliza mwenyewe: "Sasa mwishowe nani alimla?"

"Mchungaji," nikasema.

Akawageukia akawaambia, na meza nzima ikamtazama mchungaji wao, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kipande cha tatu cha keki.