"Nitajie yote 40": siku moja kwenye meza yangu ya dawa, Igoma, Mwanza

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha moto, nageuza majani. Yametandazwa kwenye turubai sebuleni. Leo ni siku ya nne, nikiyafinya yanalia kama karatasi, maana yake yako tayari. Mwarobaini hauanikwi juani. Ukiuanika juani unabaki na majani ya kahawia yasiyo na harufu, na mteja anayejua akinusa mara moja anaondoka. Ukiyarundika yanaota ukungu. Kwa hiyo nusu ya sebule yangu ni turubai, na wageni wameshazoea kukaa upande mmoja.

Saa kumi na mbili ni kinu na chekeche. Hapa ndipo watu wasipopajua. Vumbi la mwarobaini linaingia puani, linashuka kooni, na hata chai ya maziwa ninayokunywa baadaye ina uchungu. Nanawa kwa sabuni, nanawa kwa limau, wapi. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita na hajawahi kukubali nimlishe tonge kwa mkono wangu.

Saa moja na nusu bodaboda ananishusha sokoni na viroba viwili. Napanga meza: mchaichai mbele kwa sababu unanukia na unaita watu, kisha mlonge, kivumbasi, magome, na mwarobaini katikati, wa majani na wa unga, kwenye bahasha za kaki. Cheti nakitundika juu. Nakitundika makusudi. Kanda ya Ziwa ukiuza mizizi, kuna watu wanavuka upande wa pili wa njia. Siwalaumu. Tumezika wenye ualbino huku kwa sababu ya maneno ya wapiga ramli, hadi Serikali ikawapiga marufuku Januari 2015. Lakini mimi sina ungo wala kioo cha kuonea wachawi. Nina mizani, daftari, na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile la sheria ya mwaka 2002. Kazi hii nilifundishwa na bibi yangu kule Magu, naye hakuwahi kumtajia mtu jina la adui yake.

Saa mbili hadi saa nne ni biashara ya kawaida: mchaichai wa mama ntilie, mlonge, majani ya kumwogeshea mtoto wa tetekuwanga apunguze kujikuna. Akaja kijana wa kambi ya wavuvi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anajisaidia damu. Huyo sikumuuzia kitu. Mtu anayeshinda ziwani akiniambia damu, mimi nafikiria kichocho, na kichocho kina vidonge vyake hospitali. Alitegemea nimpe magome. Aliondoka amenuna.

Saa nne na robo akaja Mzee.

Shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, simu mkononi. Mwalimu mstaafu, ungejua hata kabla hajafungua mdomo.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Huu ndio mwarobaini? Unaotibu magonjwa 40?"

"Ndivyo wanavyosema, baba."

"Basi nitajie yote 40."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachomoa kalamu, akafungua daftari dogo, akaandika namba moja, akasubiri.

Nikaanza. Homa: wazee walichemsha majani wakanywa, au wakajifunika blanketi na sufuria ya mvuke, nyungu ile ile iliyorudi mwaka 2020 wakati wa korona, nikauza majani kuliko mwaka wowote. "Homa ipi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo maana siku hizi nasema mtu apimwe malaria kwanza, tone moja la damu, ajue. Akaandika "homa" akaweka alama ya kuuliza. Upele. Minyoo. Fizi, maana kijiti chake ni mswaki. Fangasi za miguuni. Mba. Vidonda, kuoshea. Chawa. Nikataja mbu, kwamba tunachoma majani jioni kuwafukuza.

"Mbu si ugonjwa," akasema. Hakuandika.

Tuko namba nane. Mama mwenye mtoto mgongoni amesimama nyuma yake, amechoka kusubiri, amekwenda meza ya jirani. Mwingine naye vilevile. Mzee ameegemea meza yangu kiasi kwamba mizani imeinama na inasoma gramu ambazo hazipo.

"Na sukari je?" akauliza, safari hii bila kuniangalia usoni.

Hapo nikajua kwamba orodha yote ilikuwa njia ya kufika hapa. Nikamuuliza anatumia nini. Vidonge, asubuhi na jioni, mwaka wa tano. Amechoka navyo. Kuna ujumbe ametumiwa kwenye simu unasema kijiko cha mwarobaini kila asubuhi na vidonge utupe.

Ingekuwa rahisi kuchota tu. Bahasha ni shilingi 1,000, alitaka kumi. Nikamwambia ukweli: mwarobaini unaweza kushusha sukari, na hicho ndicho kinachoniogopesha. Ukichanganya na vidonge inaweza kushuka mno, ukatoka jasho, ukatetemeka, ukaanguka njiani. Ukitupa vidonge, sukari inapanda kimya kimya mpaka macho na miguu ndivyo vinakuja kukuambia. Na unga wangu hauna kipimo cha hospitali. Majani ya mti huu na ya mti ule hayalingani nguvu. Aende kwanza akamuulize daktari wake.

"Dawa ya mababu haina madhara, mama."

Mababu gani? Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi! Bibi yangu alikuwa na jina la Kisukuma kwa kila mzizi mfukoni mwake, lakini huu aliuita mwarobaini tu kama sisi.

"Kwani wewe unauza au unahubiri?"

Akafunga daftari. Akaenda meza ya tatu kutoka kwangu, akanunua hapo hapo, nikiona. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Saa moja na nusu nzima imepita, na sikuingiza hata mia.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Ugali na dagaa, ushuru, jua. Dada mjamzito alitaka unga wa kusafisha tumbo. Nikamkatalia, mwarobaini na mimba havikai pamoja. Mwingine alitaka mafuta yake ampe kichanga kwenye kijiko. Nikamkatalia kwa sauti kubwa zaidi, maana mafuta hayo yakinyweshwa mtoto mchanga ni sumu. Upepo wa ziwani ukaja na vumbi, nikafunika kila kitu, nikafunua, nikafunika tena. Miguu ilikuwa imevimba.

Nikiwa nafunga viroba, kivuli mezani. Mzee. Bahasha ya jirani mkononi.

"Mwadila, mama. Yule hakuniambia nachanganyaje."

Nilitaka kumfukuza. Nikachukua bahasha, nikanusa. Majani ya juani, harufu hakuna. Nikamimina kidogo kiganjani kwenye mwanga wa simu yake: kahawia kabisa.

"Vidonge vya jioni umekunywa?"

"Bado."

"Kanywe. Hii usinywe. Una gunia la maharage nyumbani?"

"Lipo."

"Ichanganye humo. Wadudu watapungua."

Akasimama kidogo. Kisha akatoa daftari, akahesabu na kalamu mpaka chini ya "sukari", akaandika namba kumi: maharage.

Nimefika nyumbani giza. Kiroba cha majani mabichi kiko mlangoni, bodaboda amekileta toka Kishiri, na yasipotandazwa usiku huu yatakuwa yamechemka kufikia asubuhi. Mwanangu ameshika taa. Mkono wangu hataki kuushika.