Nilivyookoa Kumbukumbu za Daftari Langu la Kielektroniki

Daftari langu la kielektroniki la mfukoni, ambalo limepita miaka 20, lilianza kuzimika ghafla kila nilipowasha taa ya kioo chake, ingawa bila taa lilifanya kazi kama kawaida. Kifaa cha aina hii hutunza majina na namba za simu katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Umeme ukikatika, kila kitu hufutika. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, niliketi jioni mbili nikinakili yote kwa kalamu, kazi ambayo nusura niikimbie.

Linatumia betri 2 za AAA, pamoja na betri ndogo ya mviringo aina ya CR2032 inayolinda kumbukumbu wakati zile kubwa zinapobadilishwa. Nilipopima AAA kwa multimita (kipimo cha umeme) daftari likiwa limezimwa, kila moja ilisoma volti 1.3, nikadhani bado zina uhai. Kisha niliziacha ncha za mita palepale na kuwasha taa. Tarakimu ziliporomoka hadi chini ya volti 1. Kumbe betri iliyochoka huonyesha volti za kuridhisha ikiwa haina mzigo, yaani hakuna kinachovuta umeme wake, halafu huanguka mara tu inapodaiwa umeme mwingi.

Nilikuwa tayari kuzitoa, lakini nikaona nipime kwanza ile ya mviringo: volti 2.4, ilhali mpya hutoa 3. Nisingeiamini kubeba kumbukumbu peke yake. Niliibadilisha hiyo ndogo kwanza, kubwa zikiwa bado ndani, kwa sababu kumbukumbu hula umeme kidogo mno na hata betri dhaifu huimudu. Kuzitoa zote kwa pamoja ndilo kosa lisilorekebishika.

AAA moja ilikuwa imevuja, na ukoko mweupe umeganda kwenye springi ya upande wa hasi. Majimaji ya betri za alkali huunguza ngozi, hivyo nilivaa glavu, nikausugua ukoko kwa kijiti cha pamba chenye matone ya siki hadi ukatoa povu jembamba na kulainika, kisha nikapangusa kwa spiriti na kusubiri pakauke kabisa kabla ya kuweka betri mpya.

Taa iliwaka bila kusita. Namba zote zilikuwepo, ila majina 2 yalikuwa yamegeuka alama zisizosomeka, nami nikayaandika upya kutoka kwenye zile karatasi za jioni mbili.