Swali langu la mtindi lilivyonyooka

Mtindi wangu ulikuwa hauuziki Mbagala, Dar es Salaam. Nikaandika: "Kwa nini watu wa Mbagala hawanunui mtindi?" Nikatunga dodoso la maswali thelathini, nikataka kulipa vijana walizungushe. Bahati nzuri hela haikutosha.

Nikaanza na vya bure. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na Mbagala imejaa hadi vichochoroni. Uhaba wa watu haukuwa sababu. Kisha nikafungua daftari langu la mauzo la miezi sita (ningeanza nalo, lakini nani anapenda kusoma mwandiko wake mwenyewe?). Kumbe oda za mara ya kwanza zilikuwa nyingi. Zilizokosekana ni za mara ya pili.

Nikaenda kukaa madukani, bila dodoso. Duka la tatu, Mangi akafungua friji akanitolea pakiti imevimba kama puto. "Dada, usiku nazima friji, inakula umeme wa LUKU. Asubuhi mtindi umeshachacha, wateja wananirudishia."

Katika maduka sita, manne yalisema hivyohivyo. Sita si idadi ya kutolea hitimisho, ila ilitosha kubadili swali: "Maduka mangapi Mbagala huzima friji usiku, na yangechukua pakiti ngapi kama ningeleta kila asubuhi?" Dodoso likabaki na maswali matano. Majibu yalipokuja nikaanza kupeleka alfajiri kwa bodaboda, na oda za pili zikaanza kuonekana daftarini. Yale maswali thelathini nafungia maandazi.