Bamdogo, Rubani Aliyejua Kungoja

Baba yangu mdogo, ambaye nyumbani tulimwita Bamdogo hata baada ya kupata cheo cha meja, alizikwa kwetu Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa heshima zote za kijeshi. Jeneza lilifunikwa bendera ya Taifa, askari wakapiga risasi hewani, na msoma wasifu akataja vyeo, nishani na miaka ya utumishi wake pasipo kukosea. Familia nzima inashukuru kwa hayo. Hata hivyo, wasifu wa jeshini ni mfupi, nami niliyemfahamu tangu tukichunga ndama pamoja naona ni wajibu wangu kuandika lile ambalo halikusomwa siku ile: kwamba Bamdogo alikuwa rubani mzuri kwa sababu alijua kungoja, na kwamba kwetu sisi ndugu zake alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo.

Yeye alikuwa kitinda mimba wa babu, nami ni mtoto wa kwanza wa mwanawe mkubwa, kwa hiyo umri wetu ulipishana kidogo tu. Kwa desturi alikuwa baba yangu na kwa maisha ya kila siku alikuwa rafiki yangu, na hakuna siku alipoutumia ubaba wake kunikandamiza. Mbele ya wazee aliniita "mwanangu", nami nikamwamkia kwa heshima inayostahili. Tulipobaki wawili migombani tuligawana ndizi ya kuchoma na siri zote za ujana. Alipoanza kupokea mshahara, ada yangu ya sekondari aliilipa yeye, na kwa muda mrefu nilidhani imelipwa na baba, kwa maana Bamdogo hakunieleza wala hakumruhusu mtu yeyote anieleze.

Wanaoifahamu Tukuyu wanajua mvua yake. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, kwa sababu hewa yenye unyevu inayopanda kutoka Ziwa Nyasa hukutana na safu ya Livingstone na Mlima Rungwe, ambao kimo chake kinakaribia mita 3,000, ikapoa na kugeuka mawingu. Bamdogo aliyajua mawingu hayo kabla hajafundishwa na mwalimu yeyote. Bibi alikuwa haaniki maharage mpaka amwite kitinda mimba wake atoke nje na kutazama upande wa ziwani. Naye hakujibu papo hapo, bali alisimama, akatazama, akatazama tena, ndipo akasema "anika" au "subiri". Wajomba walimcheka kwa kuchelewa kujibu, lakini maharage ya bibi hayakuoza.

Alipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huko Mafinga, akaingia jeshini, kisha akachaguliwa kusomea urubani. Jeshi letu, lililoundwa Septemba 1964, lilikuwa bado changa katika mambo ya anga. Wakanada walisaidia kuanzisha usafirishaji, wakaja na ndege za Otter na Caribou. Wachina nao wakasaidia baadaye upande wa ndege za kivita na katika kituo cha Ngerengere mkoani Morogoro. Vijana wengi wa rika lake walitamani ndege za kivita, na ni haki yao, kwa kuwa ndizo zilizopita juu ya gwaride na kushangiliwa. Yeye alipangiwa usafirishaji, akaupenda kwa moyo wote.

Siku moja, katika miaka ya sabini, alinipeleka kuiona Caribou kwa karibu katika uwanja wa zamani wa Mbeya, ule ulio ndani ya mji chini ya Mlima Loleza. Ilikuwa ndege yenye injini mbili za petroli na mkia ulioinuka juu, na nyuma ilikuwa na mlango mpana ulioshuka hadi ardhini ili mizigo ipakiwe kwa urahisi. Sifa yake kubwa ilikuwa uwezo wa kuruka na kutua katika viwanja vifupi visivyo na lami. Nilitarajia kwamba atanionyesha chumba cha rubani kwanza. Badala yake alinizungusha nje, taratibu, akipitisha kiganja kwenye ukingo wa kila pangaboi, kisha akamwomba fundi afungue kivalvu kidogo chini ya tangi. Fundi alikinga mafuta katika chupa ya kioo, akampa. Bamdogo aliiinua chupa kuelekea jua na kuitazama bila kusema neno. Chini kabisa palikuwa na tone la maji, dogo kuliko punje ya mtama, likitelezateleza juu ya kioo. Usiku wa Mbeya mwezi Juni ni wa baridi kali, na tangi lisilojaa huwa na hewa ambayo unyevu wake hugeuka kuwa matone ya maji. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, mahali pale pale ambapo injini huanzia kunyonya. Fundi alimwaga, akakinga tena. Walirudia hivyo hadi chupa ikawa safi, kisha Bamdogo akadai wakinge mara moja zaidi.

Siku hiyo hiyo mkubwa mmoja alifika na magunia ambayo hayakuwamo katika orodha, akataka yapakiwe. Bamdogo alimpigia saluti, akamweleza kwa upole kwamba uwanja ule uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwamba hewa huku ni nyepesi, na kwamba mchana jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na mabawa hayabebi kama yanavyobeba pwani. Mzigo ule, alisema, utaondoka kesho alfajiri kukiwa na baridi, au usiondoke kabisa. Mkubwa alipandisha sauti. Bamdogo hakupandisha yake. Magunia yalilala Mbeya.

Kuhusu Vita vya Kagera alizungumza kidogo sana. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba tutampiga, sisi tulikuwa tumeizunguka redio ya babu huku tukijua kwamba Bamdogo yuko kaskazini. Bibi hakula mbalaga, chakula chetu cha ndizi, usiku ule. Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, tulisubiri barua yake kabla ya kuthubutu kushangilia.

Aliporudi likizo, jambo moja tu alinisimulia kwa kirefu, nalo lilihusu majeruhi. Caribou haikuwa na mfumo wa kudhibiti mgandamizo wa hewa ndani, na kadiri ndege inavyopanda ndivyo hewa iliyonaswa ndani ya kifua kilichojeruhiwa inavyotanuka na kuyabana mapafu. Kwa hiyo alipobeba watu wenye majeraha ya kifua aliruka chini, juu ya maji ya Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, akakubali misukosuko ya hewa na safari ndefu zaidi. Aliniambia kwamba muda wote alikuwa akisikiliza sauti mbili, ya injini na ya muuguzi nyuma yake. Mimi naamini simulizi za vita vile zimewatendea haki kidogo mno waliobeba unga, mafuta na majeruhi. Tunawataja walioteka miji, na tunastahili kuwataja, lakini wapo akina baba waliozeeka vijijini mwao kwa sababu rubani mmoja alikubali kwenda polepole.

Baada ya kustaafu alirudi Rungwe, akalima chai kidogo na parachichi, akawa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Moravian. Vijana waliokuja kumwomba ushauri juu ya ndoa, mikopo au kesi za mashamba walipata alichokuwa akipata bibi: alikaa kimya kwanza. Nilipofiwa na mke wangu, watu wengi walikuja na maneno ya faraja, nami nawashukuru. Bamdogo alikuja na blanketi lake, akalala sebuleni kwangu majuma kadhaa, akinyanyuka kabla yangu kuwasha moto, na hakuniuliza lini nitarudi shambani. Niliporudi, nilimkuta ameshapalilia.

Alituachia daftari lake la safari za angani. Ndani yake kuna tarehe, aina ya ndege, viwanja na saa, vyote kwa wino wa bluu na mwandiko wa kusimama. Na pembeni mwa safari kadhaa ameandika "sikuruka", pamoja na sababu: ukungu, mzigo, mafuta. Safari hizo ambazo hazikufanyika amezitunza kwa umakini ule ule aliozitunzia zilizofanyika. Binti yake mkubwa ndiye mwenye daftari hilo sasa. Nimemwomba ruhusa ya kunakili kurasa za miaka ya vita kabla wino haujafifia, amekubali, na tutaanza kazi hiyo mara tu viazi vitakapokuwa vimetoka shambani.